Ufa Huu Ni wa Nani?

Na Mwalimu Mstaafu, Lindi



Ingieni katika darasa lolote la shule ya msingi, tangu Kilwa Masoko hadi Mingoyo, mseme kwa sauti, "Usipoziba ufa," na watoto wote watawajibu kwa pamoja, "utajenga ukuta!" Hata yule mvivu aketiye nyuma ataijibu. Methali hii tumeifundisha miaka mingi, nasi tulifundishwa na waliotutangulia. Lakini turudi nyumbani tukatazame. Bawaba ya mlango wa uani imelegea tangu Kwaresima ya mwaka jana. Kijia cha mchwa kimepanda nguzo mpaka kwenye boriti. Bomba ladondosha maji usiku kucha juu ya ndoo iliyokwisha kujaa. Jirani aliyetukopesha shilingi elfu mbili za nauli hatujamrudishia, na sasa twapita njia ya nyuma ili tusikutane naye.

Basi shida yetu si kutokujua. Twajua, tena tangu darasa la tatu. Swali linalofaa tulitafakari ni hili: kwa nini mtu mwema, mwenye akili na mikono mizima, huliacha jambo ambalo lingemchukua nusu saa, akaliacha mwezi, akaliacha mwaka? Na kuliacha huko ni kosa mbele ya Mungu na watu, au ni kasoro ndogo tu ya kuchekewa?

Nilifundisha Kiswahili, kwa hiyo mniwie radhi nikianza na sarufi. Tazameni kitenzi cha methali ile. Haisemi "wasipoziba". Haisemi "tusipoziba". Wala haisemi "usipozibwa", yaani ufa wenyewe usipozibwa. Yasema "usipoziba", nafsi ya pili, umoja. Yamtazama mtu mmoja usoni, yamwambia: wewe. Lakini sisi twaisikia kana kwamba imesemwa kwa kauli ya kutendwa. Sikilizeni mazungumzo yetu. "Kile kisima chatakiwa kusafishwa." "Ule mfereji wapasa kuzibuliwa." "Mgonjwa yule anahitaji kutembelewa." Sentensi ni sahihi, mwalimu angetia alama ya vema, lakini ndani yake hamna mtu. Kisima kitasafishwa na nani? Kauli ya kutendwa ni nyumba nzuri ya kujifichia, na wengi wetu twaishi humo.

Walakini kuna jambo moja ambalo methali yenyewe hailisemi yote. Yasema kwamba asiyeziba ufa ndiye atakayejenga ukuta. Laiti ingekuwa hivyo siku zote! Kungekuwa na haki, kila mtu angelipa deni la uvivu wake, na sisi wengine tusingekuwa na la kusema. Lakini katika maisha, aliyeacha ufa ni mmoja, na ajengaye ukuta mara nyingi ni mwingine. Baba huahirisha kuandikisha kizazi cha mwanawe, ingawa sheria yataka jambo hilo lifanyike katika miezi mitatu ya kwanza. Si kwamba amekataa. Atakwenda wiki ijayo. Miaka kumi na minane baadaye, ni yule kijana anayezunguka ofisi hadi ofisi akitafuta cheti cha kuzaliwa ili aombe mkopo wa elimu ya juu, na tarehe ya mwisho imekaribia. Mzee mwingine huahirisha kuandika wosia, maana kuandika wosia kwaonekana kama kujitabiria kifo. Siku ya arobaini, mjane ndiye aulizwaye na mashemeji kwamba shamba la minazi ni la nani. Yule aliyeacha ufa amelala salama kaburini.

Hapo ndipo jambo dogo linapotoka katika uzembe na kuingia katika haki. Kuahirisha ni kukopa, na mara nyingi twakopa katika mfuko wa mtu asiyejua kwamba anakopwa.

KUTA ZA KILWA KISIWANI

Twende kidogo Kilwa Kisiwani. Wengi wenu mmefika. Ni mwendo mfupi wa mashua kutoka Kilwa Masoko. Mji ule ulikuwa mkubwa. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, aliufikia mwaka 1331 akausifu. Ulikuwa na Msikiti Mkuu wenye nguzo na makuba, na jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali litazamalo bahari, vyote vya mawe ya matumbawe na chokaa. Kuanguka kwa mji wenyewe kulikuwa na sababu kubwa. Wareno waliuteka mwaka 1505, biashara ya dhahabu ya Sofala ikaponyoka mikononi mwa watu wake, na misukosuko mingine ikafuata. Mambo hayo hayakuwa katika uwezo wa mwashi mmoja, wala wa mama mmoja wa nyumba.

Lakini mizinga haikuangusha kuta zote. Nyingi zilibaki zimesimama karne baada ya karne, na kilichoendelea kuziangusha ni vitu vidogo. Lipu ya chokaa hubanduka mahali pasipozidi kiganja. Maji ya mvua huingia ndani ya ukuta, yakalainisha chokaa inayoshika mawe. Ndege hudondosha mbegu katika ufa, mbegu ikatoa mzizi mwembamba kama uzi. Mzizi hunenepa. Na siku moja jiwe ambalo watu wanne wasingeweza kuling'oa, lang'olewa na mti ambao hapo mwanzo mtoto angaling'oa kwa vidole viwili. Upande wa pwani nako bahari ikala ukingo kidogo kidogo, mpaka mawimbi yakafikia ukuta wa ngome ya Gereza.

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima ilikuwa kubwa, lakini mzizi hausomi orodha. Mwaka 2004 yakaandikwa katika orodha nyingine, ile ya urithi ulio hatarini. Ndipo kazi ikafanyika. Serikali na wafadhili wakaleta fedha na wataalamu, na watu wa mahali wakatoa mikono. Vichaka vikafyekwa, kuta zikatengenezwa kwa mawe na chokaa kama walivyozijenga wazee, mikoko ikapandwa ufuoni ili ipunguze nguvu ya mawimbi. Mwaka 2014 magofu yakaondolewa katika orodha ya hatari. Ni habari njema, na sisi watu wa mkoa huu twastahili kuifurahia, Wakristo na Waislamu pamoja. Lakini kazi haikwisha mwaka ule. Ndege wa Kilwa hawajaacha kudondosha mbegu.

Sasa tutafakari. Katika miaka yote ile ya nyuma, watu wangapi walipita kando ya ukuta fulani, wakauona mche mdogo umechomoza kati ya mawe? Tuseme mia moja. Kila mmoja angeweza kusema, "Ni kijiti tu, tena si changu." Na angekuwa amesema kweli. Mwishoni tuna watu mia wasio na kosa, na ukuta uko chini. Je, yawezekana kosa likawapo bila mkosaji?

Wengi hujibu kwamba kosa limegawanyika. Kila mmoja ana sehemu moja ya mia, na sehemu moja ya mia ni ndogo mno kumkosesha mtu usingizi. Mimi naona hesabu hiyo si sahihi. Chungwa moja ukiligawa kwa watu mia, kila mmoja hupata unyuzi tu. Lakini wajibu haugawanyiki kama chungwa. Mche ule ulihitaji mtu mmoja kuung'oa, si watu mia. Kwa hiyo kila aliyepita hakuwa na sehemu ya mia ya uwezo. Alikuwa na uwezo wote. Angeinama tu, ukuta ungalisimama. Wingi wa wapitao haukuupunguza uwezo wake hata chembe, ila ulimpunguzia aibu.

Hivyo ndivyo ilivyo na mfereji wa mtaani, na taa ya kanisani isiyowaka, na mzee yule ambaye hajaonekana ibadani Jumapili tatu. Kila mmoja wetu anao uwezo mzima wa kumwendea.

KWA NINI TWAAHIRISHA

Tusijidanganye kwamba sababu ni uvivu peke yake. Nawajua watu wachapakazi sana, waamkao alfajiri kwenda shambani au baharini, ambao mlango wao wa uani umening'inia mwaka mzima. Naona sababu tatu.

Ya kwanza, jambo dogo halina tarehe. Mkulima wa korosho haahirishi kupulizia salfa, maana ubwiri unga haungoji na ua la mkorosho likiungua halirudi. Mvuvi haahirishi, maana bamvua lina siku zake. Lakini bawaba ya mlango yangoja, na kwa kuwa yangoja, yangojeshwa. Laweza kufanywa siku yoyote, basi halifanywi siku yoyote. Chuoni tulipokuwa tukijifunza ualimu tulitakiwa kuandika azimio la kazi, wiki kwa wiki, mada kwa mada, kwa sababu wakufunzi wetu walijua kwamba somo lisilo na wiki yake halitafundishwa kamwe, hata mwalimu awe hodari namna gani. Nyumbani hatuna azimio la kazi. Tena mambo mengine madogo yana tarehe, ila imefichika. Mbu aenezaye homa ya dengue hutaga katika kopo, katika tairi, katika kifuu cha nazi chenye maji kidogo, na kutoka yai hadi kuruka huchukua yapata wiki moja au mbili. Amwagaye maji hayo mara moja kila wiki amemshinda. Amwagaye "nikipata nafasi" amemfuga.

Ya pili, twalifunga jambo dogo pamoja na kubwa. Twasema, "Fundi akija kutengeneza paa, atatengeneza na mlango." Paa lahitaji mabati ishirini na fedha ambazo hatuna, mlango wahitaji misumari minne. Kwa kuufunga mlango pamoja na paa tumeufanya mlango kuwa ghali kama paa. Vivyo hivyo yuko asemaye kwamba atapatana na nduguye siku watakapokaa kumaliza mambo yote ya ukoo. Mambo yote ya ukoo hayamalizwi na mtu yeyote aliye hai. Lakini salamu huchukua dakika moja.

Ya tatu, na hii ndiyo nzito, ni aibu. Jambo likichelewa, huongezeka jambo jingine juu yake, nalo ni kuchelewa kwenyewe. Rafiki amefiwa. Ungalikwenda wiki ile, neno "pole" lingalitosha. Baada ya miezi mitatu wahitaji neno pole pamoja na maelezo. Baada ya mwaka wahitaji pole, maelezo na ushujaa. Basi huendi. Yeye naye hajui kwamba waona aibu. Anajua tu kwamba hukuja. Deni la elfu mbili ni hivyo hivyo. Fedha yenyewe haikuwa kitu, lakini kila siku tuliyoikwepa imetiwa riba ya haya, mpaka urafiki wa miaka ishirini umepotea kwa nauli ya siku moja. Nimeishi muda wa kutosha katika pwani hii kuona kwamba wengi wasiosalimiana hawakugombana. Kuna kitu kidogo hakikufanywa, kisha kuna mtu akaona haya.

Aliye katika hali hii nampa neno moja. Usitafute maelezo mazuri. Hayapo, na kuyatafuta ndiko kunakokuchelewesha. Nenda mikono mitupu, useme, "Nimechelewa, nisamehe." Mlango wa mfiwa si mahakama.

KUONA NI KAZI

Mnaikumbuka habari ya mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi njiani kwenda Yeriko. Kwa kawaida twahubiri juu ya huruma ya Msamaria. Lakini Mtakatifu Luka ataja jambo moja kwa watu wote watatu, nalo ni kwamba walimwona. Kuhani alimwona. Mlawi alimwona. Msamaria alimwona. Waandishi wengine wangetuambia kwamba wale wawili hawakutambua, tukawapa udhuru. Hapana. Waliona, wakapita upande wa pili. Tangu dakika walipoona, majeruhi yule hakuwa tena mtu wa njiani, alikuwa wao. Basi jibu langu kwa swali la kichwa cha habari hii ni hili: ufa ni wa aliyeuona.

Lakini jibu hilo lina hatari, nami lazima niiseme. Kama kazi ni ya aonaye, basi mwerevu atajifunza kutokuona. Na ndivyo ilivyokuwa katika nyumba zetu nyingi. Ni nani ajuaye kwamba chumvi inakwisha? Ni nani aonaye kifungo kilichodondoka kwenye shati la shule, viluwiluwi vya mbu kwenye pipa, bibi aliyeacha kula vizuri tangu juzi? Mara nyingi ni mtu mmoja, na mara nyingi ni mama. Wengine hawakukataa kazi, hawakuona tu. Baba hupita juu ya ufagio ulioanguka mlangoni mara nne, na ukimwuliza aapa kwamba hakuuona, na hasemi uongo. Macho yake yamejifunza, kwa sababu katika nyumba ile aonaye ndiye afanyaye, na asiyeona hupumzika.

Kwa hiyo kuona nako ni wajibu, na pengine ndio wajibu wa kwanza. Shuleni tulikuwa na mwalimu wa zamu. Kabla ya kengele ya asubuhi alizunguka: vyoo, madarasa, mitungi ya maji, uzio. Hakuzunguka kwa sababu ameambiwa kuna jambo. Alizunguka ili aone kama kuna jambo. Ninyi akina baba, nawashauri jambo la namna hiyo. Jumamosi moja ingieni katika nyumba zenu kwa mlango wa mbele, taratibu, kana kwamba mmekuja kuwaposea vijana wenu binti wa humo, mkatazame kila kitu kwa macho ya mgeni. Mtaona mengi. Nanyi vijana msikae kungoja kutumwa. Kutumwa ni kuazima macho ya mtu mwingine.

SI KILA UFA NI WAKO

Mtu atasema, "Mwalimu, watubebesha mzigo wa dunia nzima." La. Wajibu usio na mipaka humponda mtu, na aliyepondwa hazibi chochote.

Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika katika pwani yetu. Mvua na mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga na sehemu nyingine za Wilaya ya Kilwa, magari yakakwama kwa siku kadhaa. Ingekuwa ni ukatili, tena upumbavu, kumwambia mkazi wa Somanga kwamba daraja lilichukuliwa na maji kwa sababu yeye hakuziba ufa. Barabara kuu na makalvati yana wenyewe, wanaolipwa kwa kodi zetu, nao yawapasa kujibu. Methali hii tusiifanye blanketi la kuwafunikia wenye mamlaka. Wala tusimtwishe maskini lawama ambayo si yake. Asiye na fedha ya bati hakuahirisha kuezeka, alikosa. Kuna tofauti kubwa kati ya "sikuweza" na "nilikuwa bado", na kila mtu aijua tofauti hiyo ndani ya moyo wake, hata kama kwa majirani huyachanganya maneno.

Turudi kwa Msamaria, maana yeye aliyajua mambo haya. Hakuacha safari yake akawa mwuguzi maisha yote. Alifanya kilichokuwa mbele ya mikono yake: alifunga majeraha, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni. Kisha akamkabidhi. Kwa nani? Kwa mwenye nyumba ile, si kwa "wahusika". Kwa nini? Kwa dinari mbili, si kwa maneno matupu. Mpaka lini? Mpaka atakaporudi, na gharama ikizidi atailipa. Huo ni ukabidhi kamili: kuna mtu, kuna kitu, kuna wakati. Linganisheni na sisi tusemapo, "Jambo hili tumelifikisha kwenye kamati."

TUFANYEJE?

Nchi yetu imekwisha kuonyesha njia. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Wazee mtaikumbuka, vijana waulizeni babu zenu. Watu wapatao milioni mbili, mijini na vijijini, walikaa katika vikundi, wakasikiliza Redio Tanzania, wakasoma vijitabu juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Kama wangeishia kusikiliza, ingekuwa hotuba kama hotuba nyingine. Lakini kila kikundi kilitakiwa, baada ya mazungumzo, kikubaliane ni kazi gani itafanywa. Ndipo vyoo vikachimbwa kwa maelfu, majani yakafyekwa, madimbwi yakafukiwa. Hakuna aliyeambiwa aondoe magonjwa Tanzania. Aliambiwa achimbe choo chake. Shimo la choo ni kazi ya jembe na koleo, na magonjwa mengi ya tumbo yalipata adui pale.

Basi nashauri kwamba kila ufa tuuonao tuufanyie moja la mambo matatu, wala tusiufanyie la nne.

Kwanza, tuuzibe. Kama kazi ni ya dakika chache na vifaa vipo, tusiiweke hata katika kumbukumbu. Kuikumbuka kutatuchosha kuliko kuifanya.

Pili, kama si wa uwezo wetu, tuukabidhi kama Msamaria: kwa mtu mwenye jina, pamoja na mchango wetu, na kwa siku tutakayorudi kuuliza. Na siku ile turudi kweli. Mwenyekiti wa kijiji aulizwaye mara ya pili huwa tofauti na mwenyekiti aulizwaye mara moja.

Tatu, kama hatutaufanya wala hatuna wa kumkabidhi, tuseme wazi. "Mama, mlango huu sitautengeneza mwaka huu." Neno hilo ni chungu, lakini ni la kweli, na mama atajua atafute fundi. "Mwanangu, cheti chako sijakitafuta, wala sioni kama nitaweza, chukua karatasi hizi uende mwenyewe." Aambiwaye ukweli mapema ana nafasi ya kujiokoa. Aambiwaye "kesho" amefungwa kamba.

La nne ndilo tulilozoea: kuuona, kutikisa kichwa, kusema "kweli yafaa patengenezwe hapa," na kupita.

Katika Kitabu cha Nehemia, sura ya tatu, mna orodha ndefu ya majina ambayo wasomaji wa masomo kanisani huiogopa, kwa kuwa majina ni magumu kutamka. Ni orodha ya watu walioujenga upya ukuta wa Yerusalemu. Lakini someni polepole mtaona kwamba baadhi yao walijenga sehemu iliyokuwa mbele ya nyumba zao wenyewe. Mmoja alijenga palipoelekea chumba chake tu, basi. Ukuta mzima wa mji ule, uliowashinda watu kwa miaka mingi, ulikwisha kwa siku 52. Haukukwisha kwa sababu alitokea mtu mmoja shujaa, bali kwa sababu kila mtu alijua kipande chake kinaanzia wapi na kinaishia wapi, na kwa baadhi yao kipande chenyewe kilikuwa mahali watakapokiona kila wafunguapo mlango asubuhi.

Nasi katika maungamo yetu ya kila Jumapili hatutubu mabaya tuliyoyatenda tu. Twatubu pia mema tuliyoyaacha. Nadhani sehemu hiyo twaipita upesi, kwa sababu tuliyoyatenda twayakumbuka, lakini tuliyoyaacha hayana sura wala kelele. Jumapili ijayo, mkifika hapo, nawaomba kila mmoja alete akilini kitu kimoja tu, kidogo, chenye jina. Si "uvivu wangu." Iwe bawaba. Iwe elfu mbili ya jirani. Iwe nyumba ile ya msiba ambayo hatujaingia.

Ibada ikiisha tutaagizwa twende kwa amani. Kabla hatujaketi kula chakula cha mchana, twende huko kwanza.